Diski Imejaa

Magu,
4 Machi 2024

Kaka Luhende,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi hatujambo. Precious yuko darasa la tatu, na yule mdogo ambaye hujawahi kumwona, Maige, anatembea na anaongea sana.

Najua ni karibu miaka mitatu tangu ufungwe na sijakuandikia hata mstari mmoja. Sitaki kukudanganya kwamba leo moyo umelainika. Mama Tereza alibomolewa nyumba yake pale Usagara kwa sababu ya barua ya kiwanja ya kughushi iliyochapwa dukani kwako Buhongwa, na bado nakumbuka alivyolia mahakamani. Nakuandikia kwa sababu ya kompyuta tu.

Ni ileile uliyoniundia nilipoolewa. Ndiyo kazi yangu: nachapa mitihani ya shule za msingi, ratiba za ibada, kadi za harusi. Tangu Krismasi imekuwa nzito. Nikiiwasha asubuhi, nateka maji, nawaogesha watoto na kuchemsha chai, narudi naikuta bado inajifungua. Nikipiga herufi hazitokei, halafu ghafla zinatoka zote kwa pamoja kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Wiki iliyopita iliganda katikati ya mtihani wa majaribio wa darasa la saba, nikapoteza kurasa sita. Mwalimu mkuu amesema ikitokea tena kazi anapeleka kwingine.

Nilitaka kuipeleka kwa fundi wa hapa mjini. Elias amekataa kabisa. Unamjua shemeji yako akishasema. Eti mafundi wa siku hizi wanachomoa vipuri vizima na kuweka vibovu. Sina mtu mwingine anayeijua mashine hii. Niambie la kufanya, basi.

Mama anakusalimu. Ndiye aliyenipa anwani ya gereza.

Mdogo wako,
Kashindye


Gereza la Kilimo, Kagera,
19 Machi 2024

Kashi mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne. Afande wa ofisi aliisoma kabla yangu, ndio utaratibu, akaniuliza, "Huyu dada yako, herufi zake zilitoka zizini kweli?" Tukacheka wote wawili. Sikuwa nimecheka siku nyingi.

Yale mengine uliyoandika nimeyasoma. Tuongee mashine.

Kwanza isikilize. Ukiiwasha, feni ya ndani inalia vipi? Kama inavuma kama pikipiki inayopanda mlima, basi ina joto, na mashine yenye joto hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Magu kuna vumbi, na nadhani haijafunguliwa tangu niondoke. Izime, chomoa waya ukutani, ngoja nusu saa. Fungua skrubu mbili za nyuma, uvute ubavu wa kushoto. Chukua brashi ya rangi, mpya na kavu, usafishe feni na zile bati nyembambanyembamba zilizo chini yake. Taratibu, kama unasafisha masikio ya mtoto. Usitumie kitambaa chenye maji. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia.

Pili, kuna programu zinazoamka pamoja na mashine bila kuitwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa wakati mmoja, utaona orodha. Kwenye ukurasa wa programu za kuanzia, zima kila usiyoitumia, ila usiguse ile ya kuzuia virusi.

Fanya hayo mawili, kisha uniandikie umeona nini. Usiniandikie "bado mbovu". Niandikie ulichokiona.

Huku tunalima mahindi na migomba. Kifua kinanisumbua kidogo asubuhi kwa sababu ya ukungu, si kitu. Mwambie Mama nimefurahi kusikia salamu zake.

Nisalimie Elias.

Kaka yako,
Luhende


Magu,
3 Aprili 2024

Kaka Luhende,

Shikamoo. Niliifungua. Kaka, vumbi lilikuwa limeganda kama manyoya, na ndani kulikuwa na mjusi amekauka kabisa, mkia wake umeingia kwenye feni. Precious alipiga kelele akakimbilia kwa Paskazia, jirani yetu. Nimesafisha kama ulivyosema, na programu tisa nimezizima.

Siku mbili ilienda vizuri. Sauti imepungua, kuwaka inawaka haraka kuliko mwanzo. Lakini siku ya tatu imeganda tena, na sasa inaniletea maandishi kwamba nafasi imekwisha. Nikifungua pale inapoonyesha diski, ule mstari ni mwekundu mpaka mwisho. Nikitaka kuhifadhi mtihani wa kurasa mbili inakataa.

Nilimwonyesha Elias. Akasema niachane nayo, atanunua nyingine akiuza viwanja vya Usagara. Udalali wake siku hizi unakwenda, ila maneno ya kununua nimeyasikia tangu mwaka jana.

Mama anasema kifua usikichezee, uende zahanati ya hapo gerezani. Amesema pia nikuambie kwamba yeye hajawahi kuamini kuwa ulifanya. Nimeandika kwa sababu aliniamuru niandike.

Kashindye


Gereza la Kilimo, Kagera,
16 Aprili 2024

Kashi,

Umeeleza kama fundi. Sasa tumeupata ugonjwa. Diski ikijaa mpaka juu, mashine haina mahali pa kufanyia kazi zake. Ni kama wewe ukate mboga kwenye meza iliyojaa vyombo.

Fungua hiyo diski. Pale juu pembeni pa kutafutia, iambie itafute mafaili makubwa, halafu uyapange kwa ukubwa, kubwa liwe la kwanza. Mengi yatakuwa filamu na mpira wa Elias. Angalia pia sehemu ya kuonyesha vilivyofichwa, weka alama hapo, maana kuna vitu hujificha. Ukikuta usichokihitaji, chagua vyote, futa. Kisha nenda kwenye kapu la taka ulimwage, usisahau, maana vikiwa kwenye kapu bado vinakula nafasi. Itakuuliza kama una hakika. Sema ndiyo.

Futa bila huruma. Usibakize kitu kwa kusema labda kitafaa siku moja.

Mwambie Mama nimesikia.

Luhende


Magu,
8 Mei 2024

Kaka,

Nimefuta. Mashine inakimbia. Asante kwa msaada wako.

Usihangaike kuandika tena, nina kazi nyingi za shule.

Kashindye


Gereza la Kilimo, Kagera,
22 Mei 2024

Kashi mdogo wangu,

Nashukuru imepona. Lakini barua yako imenikalia vibaya. Hata salamu hukuniandikia, na wewe hata ukiwa umenuna huwa unasalimu.

Halafu kuna jambo la kifundi linanisumbua nikiwa shambani. Diski ile niliiweka mwenyewe, ni kubwa. Mitihani yako yote, hata ukichapa miaka hamsini, haijazi kipembe chake. Ulikuta nini humo?

Usiponijibu nitaelewa. Ila ningependa kujua.

Luhende


Gereza la Kilimo, Kagera,
27 Juni 2024

Kashi,

Hujanijibu na sikulazimishi. Nakuandikia kukujulisha kwamba Elias alikuja kuniona Jumapili iliyopita. Tangu nihukumiwe hakuwahi kuja. Ameleta sukari, sabuni na fulana. Tulikaa dakika ishirini. Kumi na tano kati ya hizo aliniuliza wewe na mimi tunaandikiana nini.

Nikamwambia, "Mambo ya kompyuta, shemeji."

Akasema, "Mambo gani ya kompyuta?"

Nikamwambia vumbi na mjusi. Alicheka, kisha akaniuliza tena na tena kama ni hayo tu, mpaka afande akamwambia muda umekwisha.

Kuna nini hapo nyumbani? Uko salama?

Luhende


Kwa Paskazia, Magu,
6 Julai 2024

Kaka Luhende,

Shikamoo. Naandika nikiwa nyumbani kwa Paskazia, na ukijibu, tumia sanduku lake la posta lililo nyuma ya bahasha. Letu ufunguo anao Elias siku hizi.

Uliniuliza nilikuta nini. Nitakuambia jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Precious shuleni, Maige amelala. Niliweka ile alama ya kuonyesha vilivyofichwa. Ndani ya folda la mitihani yangu ya zamani likatokea folda lenye jina langu, Kashi. Nikafikiri ni picha za harusi yetu. Nikafungua. Ya kwanza ilikuwa picha ya muhuri, muhuri peke yake kwenye karatasi nyeupe. Ya pili muhuri mwingine. Halafu saini zimekatwa moja moja. Halafu barua za viwanja, moja baada ya moja, zimepigwa picha kubwa sana, ndiyo maana zilijaza diski. Nikatafuta namba ya kiwanja cha Mama Tereza, ile iliyosomwa mahakamani. Ilikuwepo. Nakala nne. Moja haina jina. Moja imeandikwa "Teleza", na inayofuata imesahihishwa "Tereza". Kaka, unajua ni nani kwetu anaandika l mahali pa r tangu tumfahamu.

Nilijaribu kujiambia labda ni wewe uliyaweka zamani wakati unaiunda. Nikaangalia tarehe. Nyingi zilikuwa za mwaka uliokamatwa. Nyingine zilikuwa za Januari mwaka huu. Januari wewe ulikuwa unapalilia migomba.

Elias alirudi kula mchana akanikuta nimekaa mbele ya mashine.

"Umefungua nini?"

"Jina langu. Umeandika jina langu juu yake."

Alifunga mlango. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Alikaa kwenye kigoda cha Precious, magoti yamemfika kifuani, akaniambia, "Kashi, kaka yako ameshahukumiwa. Ukiyatoa haya leo, yeye hatoki kesho. Nitakayeingia ni mimi. Hawa watoto watakula nini? Dawa za presha za mama yako ananunua nani?"

"Wewe."

"Basi futa."

"Futa mwenyewe."

"Hapana. Kaka yako amekufundisha wewe."

Hakunigusa, kaka. Sitaki useme alinilazimisha kwa mkono. Barua yako ilikuwa mezani na niliifuata mstari kwa mstari. Nikachagua zote. Nikafuta. Nikamwaga kapu. Ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo.

Mashine ikawa nyepesi saa hiyohiyo. Jioni nilichapa mtihani wa hesabu, herufi zinatoka jinsi ninavyozipiga. Nililia huku nachapa, na sikukosea hata neno moja.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza mpaka utoke. Miaka yako imebaki michache, nilijiambia, utatoka, utapumzika, tutakuwa tumekulipa kwa njia nyingine. Lakini Elias aliporudi kutoka kwako, Precious alimuuliza mjomba anaendeleaje. Akamjibu huku anavua viatu, "Anatema damu kidogo." Hivyo tu. Akaomba maji ya kunawa.

Uliniandikia kwamba si kitu.

Siombi unisamehe. Nilitoka mahakamani siku ile hukumu inasomwa nikasema barazani, watu wanasikia, kwamba sina kaka. Nimekuambia sasa ujue ulivyoibiwa, na nani alishika mlango.

Kashindye


Gereza la Kilimo, Kagera,
17 Julai 2024

Kashi,

Siku ya kwanza baada ya kusoma barua yako sikula. Nilikukasirikia hasira ambayo sikujua ninayo. Nilitaka kukuandikia maneno mabaya, na ningekuandikia kama karatasi zisingekuwa zinagawiwa Jumatano tu.

Siku ya tatu nikakumbuka kwamba na mimi kuna jambo sijakuambia.

Nilijua. Siku polisi wanaingia dukani, nilijua barua ya Mama Tereza ilitoka kwenye flashi ya Elias. Alikuwa anakuja mara kwa mara, "Shemeji nitolee hizi, ni za mteja," na mimi nachapa bila kusoma. Siku ya pili nikiwa mahabusu alinijia analia. Akaniambia, "Kashi ana mimba ya miezi saba na presha imepanda. Akisikia ni mimi, tutampoteza yeye na mtoto. Nivumilie, nakuwekea wakili, utatozwa faini uende nyumbani." Kwa hiyo nikasema mahakamani kwamba simkumbuki mteja aliyeleta. Wakili alikuja mara moja tu. Nilipoona mambo yamegeuka nikataka kusema, hakimu akaniuliza kwa nini nimekumbuka leo. Nikarudi kukaa.

Nilijiambia nakulinda. Kumbe nimekuacha miaka mitatu chini ya paa moja na mtu yule, bila neno. Wewe umefuta kwa dakika tano. Mimi nimenyamaza tangu mwanzo. Hatutalipana hapa.

Sasa sikiliza, na usome hadi mwisho kabla hujainuka.

Mashine ikifuta faili, haiondoi kilichoandikwa. Inafuta jina lake kwenye orodha na kusema nafasi hii iko wazi. Kilichoandikwa kinabaki palepale mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Kila unapoiwasha, kila mtihani unaouhifadhi, unaandika juu. Kwa hiyo USIIWASHE TENA. Hata kuangalia tu, usiiwashe.

Chomoa waya. Fungua ule ubavu wa kushoto uliokwisha kuufungua. Mbele, chini, utaona kisanduku cha chuma chembamba, ukubwa wa daftari dogo, kina nyaya mbili bapa. Zivute kwa kushika kichwa chake, si waya. Fungua skrubu nne. Kifunge kwenye kitambaa kikavu, kisidondoke, kisipigwe jua. Upeleke Mwanza kwa Wakili Mutayoba. Ni Mhaya, mtu mzima, huja hapa gerezani na wenzake kusikiliza wafungwa wasio na uwezo. Jina la jengo nimeliandika nyuma. Usipitie kwa fundi yeyote njiani, wasije wakasema umetia mambo yako. Nenda na shahidi.

Na ukiondoka hapo nyumbani, ondoka na watoto.

Afande anajua ninachoandika. Amesema nimalize haraka, gari linakwenda posta kesho asubuhi.

Luhende


Kisesa, kwa Mama,
4 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilichukua siku tisa kufika. Siku hizo tisa nilikuwa nachapa. Mitihani mitatu na ratiba ya kipaimara. Na kabla ya hapo, Juni, Elias aliijaza diski filamu. Nilidhani anafurahia nafasi. Sasa nadhani aliambiwa na mtu kwamba kilichoandikwa juu yake kingine hakirudi.

Jumamosi ya wiki iliyopita alikwenda Usagara kuonyesha viwanja. Nilimwita Paskazia aje ashuhudie. Skrubu ya nne ilikuwa imeliwa, ikanizungusha karibu saa nzima, mpaka Paskazia akaleta koleo ya mumewe. Nilikifunga kile chuma kwenye khanga, nikachukua watoto na begi moja la nguo. Sikuacha barua.

Wakili Mutayoba alituandikisha maelezo, mimi na Paskazia, tukasaini. Akaniuliza, "Mama, unajua kwamba unakiri kuharibu ushahidi?" Nikamwambia najua. Akaniuliza kama nataka kwenda nyumbani kufikiri. Nikamwambia kule nilikotoka si nyumbani tena.

Elias amekuja hapa Kisesa mara mbili. Mama alikaa mlangoni na fimbo yake, akakataa kumpisha. Alimwambia, "Ulikula kwangu miaka yote hiyo huku unajua." Elias alisimama barabarani kidogo, akaondoka.

Umekwenda zahanati? Niandikie ukweli.

Kashindye


Mwanza,
30 Septemba 2024

Ndugu Luhende Maige,

Salaam. Nakujulisha yafuatayo kuhusu diski iliyoletwa ofisini kwangu na dada yako.

Mtaalamu amekadiria kwamba folda lililofutwa lilikuwa na mafaili zaidi ya elfu mbili. Mengi yameandikiwa juu na hayasomeki. Yaliyopatikana mazima ni arobaini na moja. Barua ya Bibi Tereza haimo. Nasikitika, najua ndiyo uliyoitegemea. Hata hivyo, kumi na matatu kati yake yana muhuri uleule uliotumika katika barua ya Bibi huyo, wenye kasoro ileile kwenye ukingo, na mawili yaliundwa Januari mwaka huu, ukiwa gerezani.

Polisi wamemkamata Elias tarehe 24 akiwa na wateja. Nimewasilisha maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa. Jambo hili halitakwenda haraka, nami sitakuahidi siku. Nimeandika pia kwa Mkuu wa Gereza kuhusu kifua chako, upimwe kifua kikuu.

Wako katika kazi,
A. Mutayoba, Wakili


Kisesa,
12 Machi 2025

Kaka Luhende,

Shikamoo. Kaa chini kabla hujaendelea.

Mama ametutoka tarehe 2. Presha ilipanda Ijumaa, Jumapili akaenda. Tulimzika Jumanne kando ya Baba. Niliomba wakupe ruhusa, nikaambiwa maombi yafuate ngazi, na ngazi zilipoisha tulikuwa tumeshafukia.

Alikuwa anaongea mpaka Jumamosi jioni. Alisema, "Luhende akitoka mpikie samaki, asikute nyumba baridi." Nikamwambia atakupikia yeye mwenyewe. Akasema, "Usinibembeleze, Kashindye."

La pili, Elias ametoroka dhamana tangu Januari. Wengine wanasema yuko machimboni Geita, wengine wanasema amevuka mpaka. Wakili anasema rufaa yako haisimami kwa sababu yake.

Nachapa tena, kwenye duka la mtu hapa Kisesa. Maige ameuliza baba yuko wapi, nikasema sijui. Ndiyo mara ya kwanza kwa muda mrefu nimejibu swali nyumbani bila kudanganya.

Dawa za kifua unameza? Miezi sita wamesema, usiache hata siku moja.

Kashindye


Usagara,
14 Septemba 2025

Kashi mdogo wangu,

Wakili atakuwa amekwambia. Alhamisi majaji... nimezoea kusema majaji, alikuwa mmoja tu, mwanamke, amefuta hukumu. Wakili wa Jamhuri hakupinga. Ilisomwa kwa robo saa. Nilirudishwa gerezani kuchukua vitu vyangu, na jana asubuhi nilitoka getini na mfuko wa plastiki. Dawa nimemaliza, kifua kimetulia, ila pafu moja wanasema halitarudi lilivyokuwa. Kupanda ngazi napumzika.

Najua umekaa Kisesa unanisubiri. Sikuja, na nataka ujue kwa nini, usije ukafikiri nakukwepa.

Basi lilipita kwenye daraja jipya la Busisi. Nilipopelekwa kule tulivuka kwa kivuko na pingu mkononi. Nilikuwa natazama maji nikifikiria nyumbani, lakini tulipofika njia panda ya Usagara nikamwambia kondakta nashuka.

Nilimuulizia Mama Tereza sokoni. Anakaa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, unga wa pumba umejaa mpaka kwenye mikeka yake. Alikuwa anachambua dagaa. Alinitambua kabla sijabisha hodi.

Nikasema, "Shikamoo mama."

Hakuitika. Akasema, "Nimesikia wamekuachia."

"Ndiyo, mama. Haikuwa mimi."

"Nimesikia hivyo pia." Akaendelea na dagaa wake. Halafu akaniuliza, "Siku ile nalia kizimbani, wewe ulikuwa unamjua aliyeniuzia?"

Ningeweza kusema hapana. Wakili hakuwepo, afande hakuwepo. Nikasema, "Nilimjua, mama. Alikuwa mume wa mdogo wangu."

"Ukaninyamazia."

"Ndiyo."

"Na huyo mdogo wako alipoyakuta?"

Nikamwambia na hilo, Kashi. Nimemwambia ulivyofuta na ulivyochomoa. Nisingeweza kukusemea nusu.

Pembeni mashine ilikuwa inakoboa. Kisha akaniambia, "Wewe umetoka. Nyumba yangu haijatoka."

Kule ndani nilihesabu nilichonyang'anywa, muda, mapafu, Mama. Sikuwahi kumhesabu yeye ila kama mtu aliyeninyooshea kidole. Kumbe sisi wawili tulikuwa tunalindana, na aliyekuwa nje ya ulinzi wetu ni huyu bibi.

Nilipoinuka akaniuliza nalala wapi. Nikasema sijui. Akasema kuna kibanda cha mlinzi wa mashine, mlinzi ameacha kazi, nimwambie mwenye mashine kwamba yeye ndiye aliyenituma. Basi ndipo nilipo, naandika juu ya gunia. Sijui kama ni huruma au anataka nisiende mbali. Vyovyote, nimekubali.

Nitakuja Kisesa kwenye kaburi la Mama, nitakula samaki wako, nitamwona Maige. Lakini kwanza njoo wewe huku. Njoo Jumamosi asubuhi, uje na Wakili kama ataweza, maana huyu bibi ana haki ya kudai fidia na hana mtu wa kumwandikia. Usilete zawadi, atakurudishia. Njoo tu tukae mbele yake sisi wawili, atuulize anachotaka kutuuliza, na tusiondoke mpaka amemaliza.

Kaka yako,
Luhende